Dar es Salaam na Kariakoo: Majina Mawili ya Mji Mmoja

Katika mji wetu huu mkubwa wa pwani yako majina mawili ambayo haipiti saa moja bila ya kutajwa. La kwanza ni jina la mji wenyewe, Dar es Salaam, nalo laandikwa juu ya bahasha, juu ya shehena za meli na juu ya tikiti za gari la moshi. La pili ni Kariakoo, nalo huitwa kwa sauti kuu na makonda wa daladala tangu alfajiri hata usiku. Kutoka ufukoni mwa bandari, lilikozaliwa jina la kwanza, mpaka sokoni, lilikozaliwa la pili, ni mwendo wa miguu wa nusu saa au kidogo zaidi. Walakini majina haya yametoka pande zisizofanana hata kidogo. Moja ni la Kiarabu, lilichaguliwa na mfalme, na maana yake ni amani. Jingine ni la Kiingereza lililogeuzwa na vinywa vya watu. Hapana aliyelichagua, na asili yake ni vita. Vijana wetu wengi, hata waliozaliwa Gerezani na Ilala, hawaijui khabari hii sawasawa, na wako wanaofundishwa makosa. Kwa hiyo twaona yafaa tuifuate njia hiyo kutoka bandarini mpaka sokoni, tukiyatazama majina.

Mwaka 1865 au 1866, sawa na 1282 au 1283 Hijria, Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alianza kujenga mji mpya katika Mrima, karibu na kijiji cha Mzizima walikokaa Washomvi na Wazaramo. Mahali penyewe palichaguliwa kwa busara. Bahari yaingia nchi kavu kwa mlango mwembamba, kisha yapanuka ndani, na chombo kikiisha kuingia hakisumbuliwi tena na kusi wala kaskazi. Sultani alitaka mji ambao misafara ya bara itafikia na meli kubwa zitatia nanga. Wako pia wanaotaja sababu nyingine, kwamba hakuwa na raha Unguja. Mwaka 1859 ndugu yake, Sayyid Barghash, alijaribu kumpokonya kiti, akahamishwa Bombay. Na mabalozi wa Kizungu walikuwa wakimwandama katika kila jambo. Mtu wa hali hiyo akijenga mji ng'ambo ya bahari akauita Nyumba ya Amani, si vigumu kufahamu alikuwa akitamani nini.

Mwezi wa Septemba 1867 akafanya karamu kubwa katika mji wake mpya, akawaalika mabalozi wa Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Marekani. Nyumba moja ya mawe ya zama zile ingaliko mpaka leo, ile tuiitayo Boma la Kale, pale njia ya Morogoro inapoteremka kukutana na njia ya bandarini. Kuta zake ni nene, za matumbawe, na mlango wake wa mbao ni wa namna ya milango ya Unguja. Apitaye pale kwenda kuivuka bahari kwa pantoni aghalabu haitazami, kwa kuwa majumba ya vioo yameizidi urefu. Lakini hiyo ndiyo mzee wa mji. Wala haifai kuficha kwamba mji ule ulijengwa kwa jasho la watumwa, na kwamba mashamba yaliyouzunguka yalilimwa nao. Nyumba ya Amani iliwekewa msingi na watu ambao wao wenyewe hawakuwa nayo.

Sayyid Majid alifariki mwezi wa Oktoba 1870, mji haujatimia. Sayyid Barghash, aliyemfuata katika kiti, hakuwa na haja nao. Majumba yakaachwa, mengine yakaanguka, nyasi zikaota njiani. Mwaka 1887 Wajerumani wa kampuni yao wakaja kuweka kituo, na 1891 serikali yao ikauhamisha makao makuu kutoka Bagamoyo ikayaleta hapa. Wangeweza kuubadilisha jina, kama walivyofanya wakoloni mahali pengi, wakauita kwa jina la mfalme wao au la jemadari wao. Hawakufanya hivyo. Wakaliandika tu kwa namna yao, neno moja refu lisilokatwa: Daressalam.

Sasa tulitazame jina lenyewe. Kila mtoto aliyesoma chuoni ameshalipitia, pengine bila ya kutambua kwamba ni jina la mji anaoishi. Limo katika Qur'ani Tukufu mara mbili: katika Suratul An'aam, aya ya 127, na katika Suratu Yunus, aya ya 25. Mahali pote pawili makusudio yake ni Pepo, nyumba waliyoahidiwa waja wema. "Daar" ni nyumba, au makao. "Salaam" ni amani na kusalimika. Tena As-Salaam ni moja katika majina matukufu ya Mwenyezi Mungu, limetajwa mwisho wa Suratul Hashr, na kwa hiyo wako wafasiri waliosema kwamba Daarus-Salaam ni nyumba ya Mungu mwenyewe. Ajuaye hayo aona mara moja kwamba Sayyid Majid hakuokota jina njiani. Alilichukua mahali pa juu sana, pengine pa juu kuliko mji wowote wa udongo na chokaa unavyostahili.

Katika sura ya kwanza tuliyoitaja neno lasomwa kwa dhumma, Daarus-Salaam; katika sura ya pili lasomwa kwa kasra, Daaris-Salaam, kwa sababu limetanguliwa na herufi iliyolitia kasra. Wenzetu wa Asia ya Kusini-Mashariki wameishika ile ya kwanza: nchi ya Brunei yaitwa rasmi Brunei Darussalam, na usultani wa Aceh katika kisiwa cha Sumatra uliitwa Aceh Darussalam. Sisi huku, tangu zama za mabibi zetu, twasikia Darisalama, kwa kasra. Si kusema kwamba mabibi walikuwa wakiifuata nahau. Kiswahili hakipendi herufi yenye sukuni imalizie neno au igongane na nyingine. Hutia irabu kila mahali, kama "kitab" ilivyokuwa kitabu. Walakini ni jambo la kupendeza kwamba tamko lao, ambalo wajuaji wa leo hulicheka kuwa ni la kishamba, limesadifu namna moja ya kisomo.

Na ile "es" ya katikati ni nini? Hapa ndipo wengi wanapotatizika. Asili yake ni "al", ile alifu na lamu ya Kiarabu. Lakini sini, herufi ya kwanza ya Salaam, ni katika herufi 14 za jua, ambazo lamu ikikutana nazo hunyamaza, na herufi inayofuata hutiwa shada. Ndiyo sababu twasema ash-shamsu wala hatusemi al-shamsu. Basi "al-Salaam" ikawa "as-Salaam". Na vinywani mwa Waarabu wa Oman na Unguja fatha yaelekea e, kama tuonavyo katika Seyyid, wengine waandikapo Sayyid. Wazungu wakaisikia "es", wakaiandika "es", ikabaki. Kwa hiyo hiyo "es" si neno mbali, wala haifai kulitamka peke yake kama mtu ahesabuye herufi. Yaunganishwa mbele na nyuma: Da-res-sa-laam, na shada ya sini isikike.

Yatazame pia yale maandishi ya a mbili katika Salaam. Hizo si pambo. Zaonyesha madd, kule kuvuta. Na kwa kuwa Kiswahili husoma kila irabu kwa silabi yake na kutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, mkazo waangukia a ya kwanza katika hizo mbili, pale pale panapovutwa na Kiarabu. Aondoaye a moja akaandika "Salam" ameuondoa mvuto, na mkazo waruka nyuma, ikawa SA-lam. Wageni wa Ulaya husema hivyo, na sasa vijana wetu wameanza kuwafuata. Kisha wamezidi kulikata mpaka limekuwa Daslam.

Sanduku la maneno lililotoka katika mzizi huu mmoja wa sini, lamu na mimu ni kubwa katika lugha yetu: salamu tutoayo mlangoni, salama tujibuyo tukiulizwa hali, usalama wa raia, kusalimu, kusalimika, kusilimu, Uislamu wenyewe na Mwislamu. Mtu asiyejua hata herufi moja ya Kiarabu ana jamaa za neno hili kinywani mwake mchana kutwa.

Yako makosa mengine, nayo ni ya maana kuliko ya matamshi. Vitabu vingi vya wasafiri, na hata vya shule, vyasema kwamba jina la mji huu maana yake ni Bandari ya Amani, na kwamba asili yake ilikuwa "Bandar es Salaam" ikakatwa kichwa. Twafahamu maneno hayo yalikotoka. Bandari yetu kweli ni ya salama, na Waingereza wana neno lao moja la kale lenye maana mbili, bandari na kimbilio, na neno hilo lapendeza katika wimbo au tangazo. Ila "bandar" ni neno la Kiajemi, nasi tumelipokea likiwa zima, bandari, wala hatukulikata. Kule Uajemi ilikobaki Bandar Abbas haikukatwa. Brunei wanayo yote mawili bila ya kuyachanganya: nchi ni Darussalam, na mji mkuu wake ni Bandar Seri Begawan. Kwa nini basi hapa petu tu neno lipoteze nusu yake, na nusu iliyobaki isadifu kuwa jina kamili lililomo katika Qur'ani? Sisi twaona jawabu ni wazi. Mji huu ni nyumba, si gati. Tofauti yake si ndogo. Bandarini mtu hupita. Nyumbani mtu hukaa, ana jirani, ana haki ya kuulizwa khabari yake akiwa mgonjwa.

Na jina la kale, Mzizima, nalo limetafsiriwa kwa kupita. Husemwa kwamba maana yake ni mji wenye afya, mahali pazima. Huenda. Lakini Kiswahili kinacho kitenzi kuzizima, yaani kupoa na kutulia, kama maji ya mtungini au bahari isiyo na upepo. Ikiwa jina lilitoka hapo, basi wavuvi wa Kishomvi walikwisha kupaita mahali hapa patulivu kabla ya Sultani kuleta jina lake la kifalme, na majina mawili ya mji, la kienyeji na la Kiarabu, yasema jambo moja.

Sayyid Majid hakuwa wa kwanza kuuita mji hivyo. Khalifa al-Mansur wa Bani Abbas alipoijenga Baghdad, mwaka 762, aliipa jina Madinatus-Salaam, Mji wa Amani, na jina hilo lilichapwa juu ya sarafu zake. Karibu miaka 500 baadaye, yaani 1258, Wamongolia wakaingia, na kila asomaye tarikh ajua kilichotokea. Mji wetu nao haukukingwa na jina lake. Mwisho wa Novemba 1914 manowari za Waingereza ziliupiga mizinga; Januari 1964 askari wa Colito waliasi na maduka yakavunjwa; Agosti 7, 1998, bomu liliua watu 11 nje ya ubalozi wa Marekani. Haya ni ya kutajwa ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba amani hutunzwa na ubao wa stesheni.

Upande wa pili wa mizani uko. Kuanzia 1963 Kamati ya Ukombozi ya nchi huru za Afrika ilikuwa na makao yake hapa. Watu wa Msumbiji, wa Afrika Kusini, wa Namibia, wa Zimbabwe na wa Angola, waliokuwa hawana pa kulala kwao, walikaa katika vyumba vya Dar es Salaam, wakanunua samaki Kivukoni na mboga Kariakoo. FRELIMO iliundwa katika mji huu mwezi wa Juni 1962. Kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa humu humu kwa bomu la kifurushi, Februari 3, 1969. Wengine wengi walirudi kwao hai. Ikiwa kulikuwa na miaka ambayo jina la Sayyid Majid lilikaribia kusadikika, nadhani ni hiyo.

Tuondoke sasa ufukoni. Tukipanda kidogo twafika njia kuu ya Samora. Wajerumani waliiita kwa jina la migunga iliyopandwa kandokando. Waingereza wakalifasiri jina hilo kwa lugha yao. Baada ya 1961 ikawa Njia ya Uhuru, kisha ikapewa jina la Rais Samora Machel wa Msumbiji. Njia moja, majina manne, na kila jina latuambia nani alikuwa ameshika funguo. Katikati yake, penye mzunguko, yasimama sanamu ya Askari. Hapo palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji wakaiondoa, na 1927 wakamsimamisha huyu wa shaba, Mwafrika mwenye bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Chini yake pameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, kuwakumbuka askari wa Kiafrika waliopigana, na pamoja nao wapagazi, ambao waandishi wamewataja kuwa ni miguu na mikono ya jeshi. Lakini tazama vizuri. Mpagazi ametajwa katika maandishi. Katika shaba hayumo.

Huyo mpagazi tutamkuta mbele.

Kutoka hapo hata Mnazi Mmoja njia yapita kati ya maduka ya Uhindini ya zamani, penye misikiti, mahekalu na maghorofa yaliyobaki na roshani zao. Mnazi Mmoja ni uwanja mpana, na jina lake halihitaji tafsiri, ijapokuwa huo mnazi wenyewe haupo tena. Wengi hudhani uwanja huo uliachwa wazi ili watu wapunge hewa. La. Serikali ya Kijerumani, na baada yake ya Kiingereza, ziliugawa mji katika kanda tatu: Wazungu baharini, Wahindi katikati, Waafrika nyuma; na ardhi hii tupu iliwekwa kuwa mpaka kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika, kwa hoja ya afya. Ndipo baadaye watu wakaugeuza mpaka huo kuwa mahali pa kukutania. Mikutano ya kudai Uhuru ilifanywa hapo, na Mnara wa Uhuru wasimama hapo, karibu na njia iliyoitwa Kichwele, ambayo sasa ni Uhuru. Pembeni ni mtaa uliokuwa New Street, sasa Lumumba, ilikoundwa TANU, Julai 7, 1954.

Ukivuka tu umeingia Kariakoo.

Mitaa imenyoka kama mistari ya daftari, kwa kuwa ilipimwa na Wajerumani. Lakini kilichomo ndani ya mistari hiyo hakina mstari. Mtaa wa Kongo huwezi kuupita bila ya bega kugusana na bega: vitambaa, kanzu, viatu, vyombo vya plastiki, mabegi ya watoto wa shule yametandikwa chini. Kwingine ni nafaka na viungo, na kijana wa mkokoteni anapiga kelele apishwe. Wanunuzi hutoka Zambia, Kongo, Malawi, Burundi, Visiwa vya Ngazija. Adhana ya Msikiti wa Manyema na ya Msikiti wa Mtoro hupita juu ya haya yote, na utamwona mwenye duka akishusha kitambaa mbele ya bidhaa, ishara ya kwamba ametoka kidogo. Soko kubwa lenyewe, lenye miavuli ya zege, lilichorwa na msanifu wa Kitanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Usiku wa Julai 10, 2021, lilishika moto, likaungua vibaya.

Jina la mahali hapa lilipatikanaje? Septemba 4, 1916, majeshi ya Waingereza yaliingia Dar es Salaam. Wajerumani walikuwa wamerudi nyuma kuelekea Rufiji na kusini, katika nchi isiyo na reli, ambamo magari yalizama matopeni na wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Chakula, risasi na dawa za jeshi zima zikabebwa kichwani. Kwa kazi hiyo Waingereza walikuwa na kikosi walichokiita Carrier Corps, yaani Kikosi cha Wapagazi, na mji huu ukawa kituo chake kikubwa. Wapagazi wakawekwa kambini nyuma ya Mnazi Mmoja, penye ardhi ambayo Wajerumani walikwisha kuitayarishia mji wa Waafrika na soko.

Watu hao walitoka Kenya, Uganda, Nyasa, Kongo na Tanganyika yenyewe. Wako waliokwenda kwa ujira. Wengi walikamatwa tu, machifu wakitakiwa kutoa idadi fulani. Kwa jumla waliotumikishwa upande wa Waingereza na wenzao katika vita vile walikaribia milioni moja. Mtu alibeba mzigo wa ratili 50 hadi 60, juu yake chakula chake mwenyewe. Risasi hazikuwaua wengi. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, njaa, na unga mgeni usioiva sawasawa. Waliokufa wahesabiwa kuwa zaidi ya 90,000, na hiyo ni hesabu ya walioandikwa. Ujira wa wengi waliokufa haukuwafikia warithi. Waislamu walikuwa wengi miongoni mwao, watu wa pwani na wa miji ya misafara, na twajua namna jeshi linavyosonga mbele: hapana aliyesimama kuosha, kukafini wala kusali.

Waingereza katika tamko lao hawaisikizi r ya mwisho wa neno, na lile neno la pili la jina la kikosi, ijapokuwa laandikwa kwa herufi nyingi, p wala s hazitamkwi. Hubaki kama "koo". Wapagazi, na wenyeji waliowapelekea uji na tumbaku kambini, hawakuwa na karatasi mbele yao. Walikuwa na masikio. Wakasikia ka-ri-a-koo, wakasema Kariakoo. Tamko lao, kwa kweli, lilikuwa sahihi kuliko la msomi ambaye angelisoma jina lile herufi kwa herufi. Nairobi nako kulikuwa na kambi ya kikosi hicho hicho, na jina lake huko likaandikwa Kariokor, kwa mkono wa mtu aliyekuwa ameona Kiingereza kimeandikwa. Ni neno moja: Nairobi limepita machoni, Dar es Salaam limepita masikioni. Unguja pia iko Kariakoo.

Vita vilipokwisha kambi ikaondoka, soko likakaa, na jina likabaki juu ya soko. Leo mtu akisikia Kariakoo afikiri bei. Nimekwisha kumsikia mzee mmoja, mtu wa heshima, akiwaeleza wajukuu wake kwamba jina hili latokana na "koo", kwa kuwa hapa ndipo koo la mji linapomezea chakula. Maelezo hayo ni matamu. Kasoro yake ni kwamba yawafuta wale watu mara ya pili.

Wala si jina la soko tu lililobaki na harufu ya baruti. Apitaye katika mitaa ile atakuta vibao viwili, Narung'ombe na Tandamti. Watoto wa mjini hucheka hilo la kwanza kwa ajili ya ng'ombe aliyemo mwishoni. Narung'ombe ni mahali bara ya Kilwa, palipopiganwa vita vikali Julai 19, 1917. Tandamuti ni kilima bara ya Lindi, kilichogombaniwa mwanzo wa Agosti, mwaka huo huo. Majina mawili ya namna hiyo, yenye tofauti ya majuma mawili tu, ni vigumu kudhani yalikutana karibu na kambi ya wapagazi kwa bahati. Mwanamume aliyebeba masanduku ya risasi hata chini ya kilima kile, kisha akarudi hai kupanga chumba Dar es Salaam, aliweza kukaa mtaa wenye jina la mahali alipowaacha wenzake.

Siku hizi mambo yote hukatwa. Kwenye daladala Kariakoo imekuwa K/koo, na mji wote umekuwa DSM juu ya vifurushi, Dar katika magazeti na midomoni. Makao makuu ya serikali yamehamia Dodoma, na sheria ya mwaka 2018 imethibitisha. Lakini hesabu ya watu ya 2022 ilipata watu 5,383,728 katika mkoa huu, na mizigo ya nchi jirani zisizo na bahari yazidi kuingia kwa ule mlango mwembamba aliouchagua Sayyid Majid. Hatuna ugomvi na mtu aliye na haraka. Ila ajuaye Kiarabu husikia jambo la kuchekesha kila asikiapo "jiji la Dar", kwa maana mwenye kusema hivyo amesema "jiji la Nyumba ya", akanyamaza. Na msikilizaji abaki akingojea, nyumba ya nani, nyumba ya nini?